Waya wa Elfu Tano

Sanduku la simu lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia.
Ndani: simu, kijipini cha kutolea laini,
karatasi ya maelezo kwa lugha kumi na mbili,
Kiswahili hakimo.
Chaja? Mwenye duka alicheka kwa pua:
"Siku hizi, mama, chaja unajitafutia."
Kama kununua ng'ombe ukaambiwa
kamba utaikuta njiani.

Nilirudi nyumbani, nikaumwaga mfuko wa nyaya kitandani.
Kila nyumba ya Arua inao mfuko huu:
chaja za simu zilizokufa, zimejisokota kama matumbo ya mbuzi,
zile za ncha nyembamba, zile za mdomo bapa wenye mabega,
na kichwa kimoja cheusi, kizito,
kimeandikwa kwa rangi ya kucha: A.D.
Andama Drileba. Alikitia alama
tangu jirani aazime chaja asubuhi
na jioni aape kuwa ni yake.
Simu yangu mpya ina mdomo wa umbo la yai.
Hapakuwa na waya hata mmoja ulioujua.

Sokoni nyaya zimening'inizwa kama utumbo wa duka.
Kijana wa kwanza aliniuzia wa elfu tano.
"Orijino?"
"Orijino kabisa, mama, tazama boksi."
Boksi lilikuwa orijino.
Jumatatu waya ulifanya kazi.
Jumanne ulitaka kulazwa ubavu wa kushoto.
Jumatano ulitaka kukandamizwa kwa chupa ya simsim.
Alhamisi simu iliandika "inachaji"
huku asilimia zikishuka.
Ijumaa niliupasua kwa wembe:
plastiki, plastiki, plastiki,
na katikati nyuzi nne
kama nywele za kichanga cha siku tatu.

"Rahisi ni ghali," akasema shemeji,
ambaye hulipwa kila mwisho wa mwezi.
Mimi nashona sare za shule.
Ghali namfahamu kwa sura, hunipita barabarani.
Rahisi ndiye aliyekubali kuketi nami meza moja.

Jumamosi nikarudi, tayari kwa ugomvi.
Kijana alikuwa ameshahamia kwenye soksi.

Karibu na wauza samaki wakavu
kuna Feza, mtu wa Ariwara,
Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka, watu kwake ni batu.
Hakutamka orijino.
Alitoa kidude chenye namba nyekundu, akachomeka,
tukainama pamoja kama wauguzi juu ya kipimajoto.
Sifuri nukta nne. "Huu wa batu ba kupita."
Moja nukta tisa. "Huu wako."
Elfu kumi na tano. Nikasema nane.
Akasema kumi na nne, mtoto ananyonya, mkono mmoja unafungua droo.
Tukafika kumi na mbili,
na utepe wa kuzungushia shingoni bure,
maana waya, alisema, hufia shingoni kama kuku.

"Na kichwa? Vichwa niko navyo, elfu kumi na nane."
Nikakitoa kile cheusi mkobani.
Akakigeuza, akakifuta vumbi kwa kidole gumba,
akaziona herufi, asiulize.
Akachomeka.
Namba zilifikiri kidogo:
moja nukta nane.
"Cha zamani hiki," akasema. "Ba zamani hawakudanganya."

Nilitaka kumwambia kwamba mwenye kichwa
alidanganya kidogo, kuhusu ada,
na mara moja kuhusu safari ya Koboko.
Nikalipa.

Umeme ulirudi saa nne usiku.
Simu ikalia mlio mmoja: asilimia tatu.
Nikazima taa kuokoa yunti.
Gizani kichwa kilianza kupata joto ukutani
kama kilivyokuwa kikifanya,
nikanyoosha mkono nikakigusa,
kuhakikisha tu
hakiungui.